Kifo Hakijasoma Kihispania

Mpendwa Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Natangaza rasmi, mbele ya wakazi wote wa Alunguli, wenye nyumba za bati na wenye nyumba za nyasi, wanaotembea kwa miguu na wanaopanda moto, pikipiki zetu hizi, kwamba jana asubuhi kuku wangu mwekundu, yule mwenye shingo tupu, aliangua. Vifaranga wote ni wazima. Sherehe haikufanyika kwa sababu ya paka wa jirani. Naomba tangazo hili lifike mpaka Lubutu.

Ni wangapi? Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Binti yangu, yule niliyempa jina lako, aliinama juu ya kikapu akaanza: "Moja, mbili..." Kabla hajafika tatu, Mama akapaza sauti kutoka barazani.

"Weye mutoto! Unahesabu nini?"

"Vifaranga, bibi."

"Vifaranga iko na damu! Mwambie mama yako akuhesabie vile sisi tunajua."

Nikahesabu. Uno, dosi, tresi, kuatro, sinko, seisi, siete. Mtoto akaniangalia kama mtu aliyemkuta mbuzi wake anasali.

"Mama, ile njo luga gani?"

"Kihispania."

"Nani alikufundisha?"

"Yaya yangu."

"Yule wa Lubutu? Yule haonekanake hapa?"

Ana miaka saba, Yaya. Aliuliza tu kama anavyouliza kwa nini chura hana mkia. Lakini Mama kule barazani alisikia, na mimi nilisikia.

Barua hii naiacha wazi. Sababu ya kwanza ni Papa Djuma, mwenye moto atakayekuletea: nikiifunga kwa gundi ataifungua, nikiiacha wazi huenda akaona aibu. Sababu ya pili utaiona mbele. Simu nimejaribu. Kila tukikaribia jambo lenyewe unaniuliza kama mvua imenyesha huku Kindu. Yaya, Kindu mvua hunyesha. Hilo tumelimaliza.

Unakumbuka miaka ile ya vita, reli imekatika, Baba amekwama kusini pamoja na gari lake la moshi, mashamba hayafikiki, na chumvi imekuwa kitu cha kutajwa kwa sauti ya chini. Tulikaa ng'ambo ile ya mto, Mikelenge, watoto saba na Mama katika vyumba viwili. Ndipo wakaja wale askari wa amani wenye kofia za buluu, kutoka nchi ambayo mwalimu wetu aliitafuta kwenye ramani, akaikosa Afrika, akaikosa Ulaya, akaikunja ramani akasema wako mbali. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Ukapata kazi ya kuwafulia nguo mtoni.

Kulikuwa na mmoja mfupi, masikio mekundu kama pilipili iliyoiva. Asubuhi alikukabidhi mashati moja moja, akitaja. Jioni ulimrudishia moja moja, ukitaja wewe. Mazungumzo mengine hayakuwepo. Mashati kumi kwenda, mashati kumi kurudi. Hivyo ndivyo Kihispania kilivyoingia katika ukoo wetu: kimelowa, na kina sabuni.

Ulitufundisha tukichambua mchele. Ungo katikati, sisi tumeuzunguka, na kila aliyetoa jiwe alitaja nambari inayofuata. Saidi, wetu wa tatu, alisema "sinko" kama anayepiga chafya, tukawa tunamwambia "afya, ndugu". Mimi nilikuwa wa sita, na nilikuwa na tabia ya kulirudisha jiwe langu kwenye ungo kwa siri ili niliokote tena. Uliniona. Ulinigonga kichwani kwa ukingo wa ungo, ukaendelea. Mchele wa mwaka ule ulikuwa na mawe mengi, kwa hiyo tulifika kumi mara nyingi. Zaidi ya kumi hatukwenda. Yule askari hakuwa na shati la kumi na moja.

Sasa, kwetu mtu hahesabiwi. Hili najua unalijua kuliko mimi, lakini Papa Djuma ni mtu wa Kivu, na kwa kuwa anasoma, acha naye aelewe. Ukimuuliza Mama ana watoto wangapi, atakujibu "Wako." Ukisisitiza, atasema "Mungu anawajua," na atakuangalia vibaya mpaka uondoke. Kinachohesabiwa ni mbuzi, na mwisho wa mbuzi kila mtu anaujua. Kwa hiyo tulipokimbia, na mwaka ule tulikimbia kama watu wengine wanavyokwenda sokoni, Mama alituita kwa majina. Majina saba, na kila jina linajibu, na kila anayejibu ana malalamiko yake: huyu kakanyagwa, huyu ana njaa, huyu kaporwa shuka. Siku moja tulifika nyuma ya stesheni ndipo tukagundua kwamba Hawa, wetu wa tano, amebaki nyumbani amelala. Ulirudi peke yako kumchukua. Ulikuja naye mgongoni, bado amelala, mate yake yanakutiririka begani.

Jioni ile ulisimama mbele ya Mama.

"Mama, kutoka sasa nitakuwa nawahesabu."

"Weye! Utahesabu watoto yangu kama mbuzi ya soko? Kifo iko na masikio."

"Si kuhesabu, Mama. Ile njo Kihispania."

Mama aliacha kupepeta.

"Ile Kihispania ilifika huku lini?"

"Mwezi ule ulipita."

"Kirega, kifo kilijua tangu zamani za mababu," Mama akasema polepole, kama anayepanga kuni. "Kiswahili kilipata kwa waungwana ya pwani. Kifaransa kilishika siku ileile wazungu walishuka, hata shule hakikuenda." Akafikiri. "Mwezi moja. Aya, bado kinajifunza. Hesabu."

Lakini Mama hakutoa ruhusa bila kuifunga kamba miguuni. Usinyooshe kidole. Usitutazame, kwa sababu jicho linalohesabu linachagua. Na usianze na mwingine. Anza na wewe mwenyewe, kama kuna ubaya ukukute wewe mkubwa kwanza. Ndiyo ukabuni ule mtindo wako: unatupa mgongo, mkono wako wa kuume umeuweka nyuma, kiganja wazi. Unajigonga kifuani, unasema uno. Halafu sisi tunapita kwa mstari, kila mmoja anapiga kiganja chako, pa! dosi, pa! tresi. Mwisho kabisa Mama anakuja na Asumani, mdogo wetu wa mwisho, mgongoni, anaushika mkono wa mtoto kama anayeazima kijiko, anakigusa kiganja chako nao, huku uso wake ameuelekeza pengine kama mtu ambaye hayumo. Siete. Unasema: "Wote tuko." Na unageuka unacheka.

Yaya, kiganja kile. Kilikuwa na ukavu wa sabuni, na kilikuwa cha moto. Nimeshikwa mikono mingi tangu hapo, na mmoja nimeolewa nao, lakini sijapata tena kujua kwa hakika namna ile kwamba nipo.

Habari haikukaa kwetu. Ndani ya majuma mawili akina mama wa avenue yote, mtaa mzima, walikuwa wanakuja kuomba Kihispania kama wanavyoomba moto wa kuwashia. Ukawagawia. Mama Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyepata taabu, kwa sababu alikuwa na watoto kumi na mmoja na lugha yetu iliishia kumi. Alikuja kukulaumu.

"Zaina, weye unaniuzia kitambaa kifupi!"

"Mama Riziki, askari njo hana shati zingine."

"Sasa huyu wa mwisho nimwite nini?"

Ulifikiri, ukamwambia aseme tu "na huyu". Ikawa hivyo. Kila jioni tulisikia ukutani: nuebe, dies, na huyu. Na Huyu alikuwa Mariamu, miaka minane kama mimi, mwembamba, mwenye kidonda cha goti kisichopona. Alikuwa ananiuliza kila siku inakuwaje mtu anapokuwa na nambari yake. Nilimwambia inapendeza sana. Sikuwa mtoto mwema.

Basi tufike kwenye ile asubuhi.

Risasi zilianza upande wa reli, watu wakateremka mtoni na vyungu na magodoro. Mitumbwi ilikuwa inavusha kuja huku Alunguli. Wapiga kasia hawakutaka maneno: familia ikamilike, ipande, iondoke. Ulitupanga mstari pale kwenye matope. Nyuma yetu walijipanga wa Mama Riziki. Ukatupa mgongo, ukaweka mkono nyuma.

Uno. Pa, dosi. Pa, tresi. Pa, kuatro. Pa, sinko. Pa, seisi. Na kile kigusio chepesi cha Asumani, siete.

"Wote tuko," ukasema, na mkapanda kwa haraka, vichwa chini, kama mpiga kasia alivyoamuru.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Saidi. Katikati ya mto Mama alimwinua mtoto aliyejikunyata nyuma yake ili amfunike shuka, akakuta ni Mariamu. Mama alipiga ukelele ambao Saidi anasema hata risasi zilinyamaza. Saidi huongeza chumvi, lakini pale hakuongeza nyingi. Mpiga kasia hakukubali kurudi. Wewe ulitaka kujitupa majini na wakakushika wawili. Na nyuma yenu, katika mtumbwi wa pili, Mama Riziki alikuwa anahesabu watoto wake na amefika dies, na wa "na huyu" hakumkumbuka mpaka alipokanyaga nchi kavu.

Mimi nilikaa siku mbili ng'ambo ile kwa yule bibi aliyeuza mafuta ya mawese karibu na kivuko. Alinilisha, akaniweka nyuma ya mapipa yake, akaniambia ninyamaze. Siku ya tatu mto ukafunguka na mtumbwi ukanileta. Watu walijaa pale kivukoni, na wewe ulikuwa mbele yao wote, maji yamekufika kiunoni. Ulinishika mabega. Uliniuliza kitu kimoja: "Ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Lakini Mama alikuwa amefika nyuma yako, na baada ya siku mbili za kutosema neno, alisema. Alilisema mbele ya kivuko kizima.

"Nilikuambia. Nilikuambia usihesabu watoto yangu. Karibu utuulie huyu."

Nikafunga mdomo.

Naomba sasa Papa Djuma asimamishe moto wake mahali penye kivuli asome vizuri, kwa maana sababu ya pili ya kuiacha barua wazi ni hii: lile neno lilisemwa mbele za watu, na hili nalo lisemwe mbele za watu.

Hesabu yako haikukosea, Yaya. Viganja vilikuwa sita, na wewe mwenyewe wa saba, na ulihesabu saba. Mimi ndiye niliyetoka kwenye mstari. Siku chache kabla nilikuwa nimeiba kichane cha ndizi kwenye mkungu wa Mama, nikakifukia kwenye shimo nyuma ya jiko, na majani juu, ziive, nile peke yangu. Nilipokuwa pale kwenye matope nikazikumbuka. Nikaona haiwezekani niache ndizi zangu kwa wenye bunduki. Nikamgeukia Mariamu, nikamwambia: "Shika nafasi yangu kidogo. Leo weye njo Seisi." Hakuuliza kwa muda gani. Uso wake uliwaka kama taa. Alikuwa amengoja nambari tangu lugha ilipoingia avenue. Nikakimbia juu, na niliposhuka tena na ndizi kifuani, mtumbwi wenu ulikuwa mdogo kama ganda la karanga.

Kama ungetutazama, ungeona. Mama ndiye aliyekukataza kutazama. Kama Mariamu angekuwa na nambari kwao, mama yake angemkosa palepale. Lakini sitaki kugawa lawama kama nyama ya sikukuu, kila mlango kipande. Fungu hili ni langu.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ya fimbo. Siku ya pili nilinyamaza kwa sababu ya siku ya kwanza. Baada ya hapo ukimya ulizaa, ukawa na wajukuu. Nilikuona ukiacha kuhesabu. Tulipokimbia mara nyingine, Mama mwenyewe alikutazama akingoja, na wewe ukaweka mikono kwapani. Uliolewa Lubutu na mwenye duka, ukaenda, na nilipokusindikiza nilisema moyoni, nitamwambia akija kujifungulia nyumbani. Ulijifungulia hukohuko. Kwenye matanga ya Baba ulikuja, na mtu alipokuomba uwakusanye watoto wapate kula, ulichukua ndoo ukaenda kisimani, ukakaa mpaka chakula kikapoa. Nasikia ukiulizwa watoto wako ni wangapi, unajibu "Wako." Watu wanadhani unafuata mila. Mimi nilijua unafuata nini, na niliendelea kupika wali na sombe zangu za majani ya muhogo hapa kivukoni, nikiwasoma wateja nyuso kama gazeti, mjuzi wa mambo ya kila mtu.

Sasa nikuambie usichokijua, kwa sababu huji.

Mama macho yameingia ukungu. Anatujua kwa sauti na kwa hatua. Na tangu ukungu uanze, kila Idi tukikusanyika, anatupa mgongo pale barazani, anaweka mkono nyuma, kiganja wazi. Yeye, Mama! Sisi na ndevu zetu na mimba zetu tunajipanga mstari. Na Mama huanza na dosi. Hajigongi kifuani. Anakaa kwanza kidogo, mkono uko wazi nyuma, hakuna anayeugusa, halafu anasema dosi, na wa pili wetu anapiga. Mwaka wa kwanza Saidi alimwambia, "Mama, umeruka moja." Mama akamjibu: "Sijaruka. Namngoja."

Jana, baada ya vifaranga na lile swali la mtoto, nilikwenda barazani nikaketi karibu na miguu yake, nikamweleza yote, kuanzia shimo la nyuma ya jiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaunyoosha mkono, akanipapasa shavu polepole, nikafikiri ananihurumia. Alikuwa anapima. Kofi lile, Yaya, kwa mtu asiyeona, lilifika mahali pake sawasawa. Nina watoto wangu na mume mwenye heshima zake, na nilipigwa kofi mbele ya kuku.

Halafu akalia kidogo. Halafu akacheka. Halafu akauliza: "Mariamu njo alikubali tu vile?"

"Alikubali, Mama."

"Masikini. Mutoto alikuwa anataka tu nambari." Akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Andikia Zaina. Mwambie mkono yake haikukosa. Ulimi yangu njo ilikosa. Na mwambie kifo mpaka leo hakijasoma Kihispania, maana wote saba muko."

Alisema saba, Yaya. Kwa Kiswahili, kwa sauti, mchana, mlango wazi. Nilishtuka nikaangalia barabarani. Hakuna aliyepita ila mtu wa baiskeli na kuni zake.

Mariamu, nikwambie, ana kibanda cha vitenge hapa sokoni, mnene, ana vicheko, na ukimwita kwa jina lake anaweza asigeuke, mwite Seisi. Tumekuwa wawili kwa nambari moja na hatujawahi kugombana. Nilimpitia asubuhi hii nikamsomea barua. Alisema zile dakika za mtumbwini, kabla Mama hajamwinua amfunike shuka, zilikuwa nzuri sana. Nimeona nikuletee na hilo. Katika hesabu ile ya kuogofya alikuwemo mtu mmoja mwenye furaha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Papa Djuma atakaa Lubutu siku mbili kupakia, na nyuma yake kuna nafasi ya mtu mmoja ikiwa hatanunua tena yale madumu yake. Njia ni mbaya, najua. Njia ya Lubutu tangu tuzaliwe ni mbaya, na watu wanafika. Usilete nguo za Mama, anazo. Usilete zawadi. Lete mkono. Idi imekaribia, na safari hii mimi nitasimama mwisho kabisa wa mstari, baada ya Asumani, mahali unapoweza kunisikia nisitoroke. Ukitaka kutazama, tazama. Mama hataona, na hata akijua, mwenye kukataza amechoka kukataza.

Vifaranga wanakusalimia kwa idadi yao. Bintiyo mdogo, mwenye jina lako, amefika kumi na anauliza kinachofuata. Nimemwambia aje akuulize wewe, labda Lubutu wana mashati zaidi.

Niko hapa kivukoni, na kiganja changu kiko tayari.

Mdogo wako wa sita,
Seisi

Na zile ndizi, Yaya: zilikuwa bado mbichi.